Uzi maalumu wa rangi: bodi za magari ya rimoti, kuanzia plastiki angavu hadi gari linaingia barabarani

RangiYaNdani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Maswali ya rangi yamekuwa mengi na majibu yametawanyika huku na kule, kwa hiyo tuyakusanye hapa. Naanza na bodi (ganda la nje la gari) angavu za polikaboneti, plastiki ambayo wengi tunaiita leksani, maana ndizo zinazowasumbua watu. Wenye bodi ngumu nao wakaribie, nafasi yao ipo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: rangi ya gari la rimoti ni sehemu ya kuliendesha. Gari la kipimo cha 1:10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, lina urefu wa sentimita 40 na ushee tu. Likifika mita 30 kutoka uliposimama, tena linakimbia, mistari myembamba na vivuli ulivyovihangaikia havionekani. Unachohitaji kujua ni pua iko wapi. Gari linapokujia, kulia kwake ni kushoto kwako, na ukichelewa kidogo tu kutambua limegeukia wapi, unakata kona upande usio sahihi. Kwa hiyo kabla hujatikisa kopo la rangi ya kupuliza, amua mbele na nyuma zitatofautianaje. Mimi huweka rangi inayowaka kwenye pua na paa, chungwa au njano, halafu nyuma naipa rangi nzito kama bluu iliyokolea. Maumbo makubwa, mipaka michache. Bodi ya namna hiyo ni nzuri mkononi na inasomeka ikiwa mbali.

Sasa kazi yenyewe. Leksani hupigwa rangi kwa ndani. Plastiki hiyo ni ngumu kuvunjika ila hukwaruzika upesi, na gari letu linabiringika kila siku. Rangi ikikaa ndani, unene wote wa plastiki unailinda, na mng'ao unaouona nje ni wa plastiki yenyewe, huna haja ya klia (rangi angavu ya kinga inayopigwa juu). Gharama yake ni kwamba unafanya kazi kinyumenyume. Rangi unayoipiga kwanza ndiyo itakayoonekana, zinazofuata zinajificha nyuma yake. Mstari mdogo wa mbele unatangulia, rangi kubwa ya mwili inakuja baadaye. Hata namba na herufi, ukizikata kwenye tepu kwa ndani, zikate zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo.

Kanuni ya mpangilio: nyeusi na rangi nzito kwanza, nyepesi baadaye. Njano ikipita nyuma ya nyeusi hakuna atakayejua. Nyeusi ikipita nyuma ya njano isiyoshiba, njano yote inageuka uchafu.

---

mgeni_wa_rimoti

Mkuu asante kwa uzi. Nimepewa bodi iliyokwisha tumika, rangi yake inabanduka vipande vipande kila gari likigonga kitu. Aliyenipa anasema alitumia rangi nzuri ya kopo. Tatizo ni plastiki au rangi?

---

RangiYaNdani

@mgeni_wa_rimoti rangi inaweza kuwa nzuri lakini si ya kazi hiyo. Leksani inapinda ikigongwa na kurudi ilivyokuwa. Rangi ya kawaida ya kopo ikikauka inakuwa ngumu, haipindi pamoja na plastiki, inapasuka na kuachia. Rangi za polikaboneti zimetengenezwa zinyumbuke na zishike plastiki hiyo. Ukichukua mfano wa kampuni ya Tamiya, makopo yao ya PS ni ya polikaboneti na ya TS ni ya plastiki ngumu. Yanafanana kwa umbo, na watu huyachanganya sana. Soma herufi mbili za mwanzo kabla ya kulipa.

Bodi yako unaweza kuiokoa. Sehemu zilizolegea bandika tepu yenye gundi kali, ivute, rangi itatoka nayo. Inayogoma ikwangue kwa kipande cha plastiki, usitumie chuma. Usikaribie na asitoni wala thina ya magari: leksani ikiguswa na asitoni inapata mipasuko midogo kama utando na kuwa nyeupe, na hapo hairudi tena. Pombe ya aisopropili haina madhara kwa plastiki hiyo, na rangi nyingi za maji hulainika kwayo. Dawa nyingine yoyote ijaribu kwanza kwenye kipembe cha chini kisichoonekana.

---

MkasiMpinde

Naomba kuongezea kuhusu hatua za kabla ya rangi, maana watu wanaziruka.

Bodi mpya ikiwa bado angavu, ivike kwenye chasisi. Unaviona vyuma vya kushikia bodi kwa chini, unaweka nukta ya kalamu ya wino juu ya kila kimoja, juu ya ile filamu nyembamba ya kinga inayokuja imebandikwa nje ya bodi. Ukishapiga rangi huoni kitu, utabaki kukisia na kutoboa matundu mawili pale palipohitaji moja. Tundu usilitoboe kwa kisu. Tumia kitoboleo cha umbo la koni, kizungushe taratibu mpaka chuma kipite bila kubanwa.

Matao ya matairi nayo yachore wakati huo huo, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kandamiza springi, uone tairi linagusa wapi. Kwa mikunjo mkasi wenye ncha iliyopinda ndio wenyewe. Kwa mistari mirefu pitisha kisu kidogo tu, kipite juu juu, halafu kunja plastiki kwenye mkwaruzo ule, inakatika yenyewe ikiwa imenyooka. Na mahali popote mikato miwili inapokutana kwenye kona kali, toboa kwanza tundu dogo la duara pale kwenye kona. Mipasuko mingi ya bodi inaanzia kwenye kona kali. Ukimaliza, pitisha msasa laini ukingoni kote.

Vipande ulivyokata usivitupe. Hivyo ndivyo vya kujaribia rangi.

---

DerevaWaVumbi

Mkuu @MkasiMpinde hapo tunapishana. Mimi nakata mwisho. Ule ukingo wa chini unanisaidia kushika bodi wakati wa kupuliza, na rangi haivuki kwenda nje.

---

MkasiMpinde

@DerevaWaVumbi ukingo wa chini uache, sina ubishi. Nilichosema ni matundu na matao. Ukikata tao baada ya rangi, mkasi unainua rangi pembeni mwa mkato, na hapo ndipo itakapoanza kubanduka. Hofu ya rangi kuvuka inaondolewa na tepu: ziba matundu na matao kwa nje kabla ya kupuliza.

---

RangiYaNdani

Nakubaliana na @MkasiMpinde kwenye matundu na matao. Sasa tuingie kwenye usafi na tepu, hapa naomba mnivumilie kwa sababu kazi nzima inaamuliwa hapa.

Bodi inatoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kulitoa ganda kwenye kalibu. Ioshe ndani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza vizuri mpaka sabuni yote itoke. Ikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na kuanzia hapo usiguse ndani kwa vidole vitupu. Alama ya kidole huioni sasa, utaiona siku rangi itakapoachia mahali penye umbo la kidole. Anayetaka rangi ishike zaidi anaweza kusugua ndani kwa sponji laini ya kukwangulia, mikwaruzo midogo hujaa rangi na kupotea. Vioo usiviguse, huko mikwaruzo itabaki.

Ile filamu ya nje usiitoe. Inazuia rangi isiingie nje, na pia ni karatasi yako ya kuchorea. Chora muundo wote juu yake kwa kalamu ya wino, geuza bodi, na kwa ndani unaona mistari yote kupitia plastiki. Tepu unaifuatisha mle mle. Hakuna njia rahisi zaidi ya kupata kulia na kushoto vinavyolingana.

Ukiweka tepu, kandamiza ukingo wake kwa ukucha au kijiti cha plastiki mpaka ubadilike rangi kidogo: tepu iliyoshika vizuri inaonekana imekolea, iliyoacha hewa inaonekana hafifu. Itazame kwa nje ukiwa umeelekea kwenye mwanga, kila kipovu utakiona. Pale kwenye mifereji ya milango na boneti ndipo rangi hupenyea, rudia mara mbili mbili.

Mkono (tabaka) wa kwanza wa rangi uwe ukungu tu. Yaani ukitazama bado unaona upande wa pili. Mkono huo mkavu ndio unaoziba ukingo wa tepu. Wanaotaka rangi ishibe kwa mkono mmoja wanamwaga rangi ya maji maji, inajipenyeza chini ya tepu, na kiyeyushi chake kinakaa muda mrefu kwenye plastiki nyembamba. Bodi nyingi za 1:10 zina unene wa milimita 0.75 hadi 1, za mashindano ni nyembamba zaidi, kiyeyushi kingi kinazidhoofisha. Kopo likae kama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye bodi, anza kupuliza nje ya bodi, pita, maliza nje. Kopo la baridi linatema matone, kwa hiyo liweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu nimesema, maji yanayochemka na moto wa aina yoyote ni hatari, kopo linaweza kulipuka.

Siku ya mvua au yenye unyevu mwingi acha kupuliza rangi za kopo. Unyevu unanaswa kwenye rangi inapokauka na inatoka na weupe kama wa maziwa.

---

Bunduki03

Wa bunduki ndogo za kupulizia rangi kwa kompresa tupo. Mimi siku hizi natumia rangi za maji tu. Sindano ya milimita 0.3 kwa vivuli na mistari, 0.5 kwa kujaza, upepo kati ya psi 20 na 30 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) kutegemea uzito wa rangi. Baada ya kila mkono nakausha kwa mashine ya kukaushia nywele, naitembeza muda wote isitulie sehemu moja. Rangi ya maji isiyokaushwa vizuri kati ya mkono na mkono inakuja kuachia yote pamoja, kama ngozi.

Kwa maumbo ya kupinda pinda, ndimi za moto na vitu vya namna hiyo, tepu haitoshi. Natumia kifunikio cha maji, kile cha mpira kinachopakwa au kupulizwa. Kinataka mikono kama minne hivi, kila mmoja ukauke, ili kiwe kinene cha kutosha kuvutika bila kukatika katika. Kikikauka kinakuwa angavu, unaona mchoro wako wa nje. Unakata kwa wembe mpya kabisa, na nguvu inayotosha ni uzito wa kisu chenyewe. Ukisikia kisu kinakwama, umeshaingia kwenye plastiki, na mkwaruzo huo utakuwa ufa siku gari likigonga nguzo.

Swali kwa mwanzisha uzi: rangi zinazowaka unazishibishaje? Kwenye kipande cha majaribio yangu zinang'aa, kwenye bodi zinapooza.

---

RangiYaNdani

@Bunduki03 swali zuri, na jibu liko nyuma ya rangi.

Rangi zinazowaka zinameza mwanga wa urujuanimno na kuutoa tena kama mwanga unaoonekana, ndiyo maana zinaonekana kali kuliko kawaida. Lakini zenyewe ni kama pazia jepesi, mwanga unazivuka. Nyuma yake pakiwa na kitu cheusi, mwanga unamezwa na rangi inalala. Pakiwa na nyeupe, mwanga unarudi. Kwa hiyo kila rangi inayowaka lazima ipigwe nyeupe nyuma, mikono ya kutosha mpaka ukiinua bodi kwenye dirisha usione mwanga ukipenya. Kipande chako cha majaribio nadhani ulikiweka juu ya karatasi nyeupe, ndiyo maana kiling'aa. Kiweke juu ya kitambaa cheusi utaona ukweli wake. Na mjue kwamba rangi hizi hufifia juani kuliko nyingine, bodi isiachwe dirishani.

Rangi angavu, zile nyekundu au bluu zinazopitisha mwanga, zinataka rangi ya fedha nyuma yake. Hapo unapata ule wekundu wenye kina wa peremende. Fedha ya kioo, ile inayong'aa kama kioo cha kujitazama, inataka nyeusi nyuma yake, nayo ipigwe nyembamba mno, ukiizidisha inageuka kijivu.

Sasa changamoto: wenye taa. Ukiweka taa za LED ndani ya bodi iliyopigwa nyeupe na njano, usiku gari zima linawaka kama kibatari, fenda zinapenyeza mwanga. Dawa ni mkono wa mwisho wa nyeusi ndani kote. Lakini nyeusi moja kwa moja nyuma ya nyeupe inaitia nyeupe ukijivu. Weka fedha katikati: nyeupe, fedha, kisha nyeusi. Fedha ina chembe bapa zinazoziba mwanga vizuri, nyeupe inabaki nyeupe. Mahali pa taa zenyewe ziba tangu mwanzo kwa vipande vya tepu ulivyokata kwa umbo la taa, uvitoe mwisho.

Vioo: ukimaliza rangi zote, ondoa vifunikio vya madirisha na upulize rangi ya moshi mkono mmoja au miwili, kwa mfano PS-31 ya Tamiya. Inaficha nyaya na betri, na gari linapata uhalisia. Ukiizidisha inakuwa kama dirisha la kupakwa masizi, acha mapema.

---

DerevaWaVumbi

Nakazia hoja ya kwanza ya mkuu kuhusu kuonekana. Uwanja wa vumbi ndio kipimo. Bodi nyeusi au kahawia ikichafuka haionekani kabisa dhidi ya udongo, kijani hupotea kwenye nyasi. Pinki inayowaka hakuna kinachofanana nayo nje. Wenye aibu ya pinki wanabaki kulitafuta gari kwenye vumbi.

Pia wanaobiringisha magari kwa makusudi: rangi ikishakauka kabisa, pembe zote za ndani zipakwe gundi ya viatu, ile nzito inayonyumbuka, juu ya utepe wa matundu matundu wa nyuzi za kioo unaotumika kwenye viungo vya mbao za jasi. Tandaza tabaka jembamba kwa kidole chenye glavu. Mbele, pembe za paa, na kuzunguka matundu ya vyuma. Bodi inaongezeka uzito lakini inadumu. Supaglu msitumie, inaikausha leksani na kuitia ukungu.

---

Bunduki03

Kwa wa mashindano hiyo gundi wasahau. Uzito wa bodi uko juu kabisa ya gari, na gari lenye uzito juu linalala kwenye kona. Huko hata mikono ya rangi inahesabiwa.

---

MtambaaMawe

Wakuu, na sisi wa bodi ngumu? Gari langu ni la kupanda mawe, bodi ya plastiki ya ABS. Nataka lionekane zee, limeshika kutu.

---

RangiYaNdani

@MtambaaMawe karibu. Kwenu mambo ni ya kawaida zaidi: rangi inapigwa nje, kwa hiyo mpangilio unarudi mbele. Na si kitu kipya, gari la kwanza la rimoti la Tamiya, Porsche 934 ya 1976, lilikuwa na bodi ngumu, hali kadhalika gari lao jingine, Lunch Box ya 1987, ambayo watu wanaipaka rangi mpaka leo. Osha, piga msasa laini, praima (rangi ya msingi), rangi, klia. Mistari ya kiungo cha kalibu iondoe kwa msasa kabla ya praima, vinginevyo itaonekana chini ya kila kitu.

Kwa kutu, chumvi ya kawaida ya mezani inafanya kazi nzuri. Piga kwanza rangi ya kutu, kahawia yenye wekundu, isiyosawazishwa, hapa imekolea na pale hafifu. Izibe kwa klia isiyong'aa na iache ikauke kabisa. Lowesha kwa brashi sehemu ambazo gari halisi lingeoza: chini ya milango, ukingo wa matao, pembeni mwa boneti, kwenye mifereji ya paa. Nyunyiza chumvi hapo, punje kubwa na ndogo zichanganyike, maji yakikauka zinajishika zenyewe. Kisha piga rangi ya mwili mikono hafifu. Ikikauka, sugua chumvi kwa brashi ngumu yenye maji ya uvuguvugu. Kila punje inapong'oka inaacha kidonda chenye ukingo usio na mpangilio, na kutu inachungulia. Hakuna brashi ya mkono inayoweza kuchora ukingo wa namna ile. Kinachobaki ni kujizuia: kutu kidogo mahali sahihi inaaminika kuliko kutu mwili mzima.

---

mgeni_wa_rimoti

Nimejifunza mengi wakuu. Mawili ya mwisho. Barakoa ya kitambaa inatosha? Na filamu ya nje itolewe lini?

---

RangiYaNdani

Barakoa ya kitambaa haitoshi, hata ya vumbi haitoshi, maana inazuia chembe tu na mvuke unapita. Tafuta kipumulio chenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na upulize mahali penye hewa inayopita, mbali na jiko, sigara au cheche yoyote. Gesi inayosukuma rangi kwenye makopo mengi inashika moto. Rangi za maji nazo ukizipuliza kwa bunduki zinakuwa ukungu unaoingia kifuani, kipumulio kivaliwe vile vile.

Filamu itoke mwisho kabisa, baada ya rangi zote, baada ya tepu zote za ndani kutolewa. Anzia kwenye pembe ya tao la tairi, ivute taratibu ukiikunja juu yake yenyewe, bila kuinyanyua wima. Ukitaka taa na nembo za stika, ziweke baada ya hapo: nyunyizia maji yenye tone la sabuni, tandaza stika, isogeze mpaka ikae, kisha sukuma maji nje kutoka katikati. Kata pembe za stika ziwe mviringo, pembe kali hunyanyuka kwanza.

Na kama gari lako ni la injini ya nitro (mafuta maalumu ya injini ndogo), angalia kopo au chupa kama rangi yako inahimili mafuta hayo. Rangi nyingi za maji hulainishwa na nitro ikimwagikia ndani. Wa namna hiyo wapige koti la mwisho la kinga linalostahimili mafuta, na tundu la bomba la moshi walikate kubwa kuliko bomba lenyewe ili plastiki isiguse joto.

Ukimaliza hiyo bodi, @mgeni_wa_rimoti, weka picha mbili: moja ya karibu, nyingine ukiwa umeliweka gari mita 30 mbali. Hiyo ya pili ndiyo ninayoisubiri.